Aliyepokea Hati ya Wito

Kila siku akitoka shule, Msumari alinawa mikono na kuketi kwenye meza ndogo mlangoni pa karakana ya mama yake. Jina hilo la utani alipewa na mama mwenyewe, maana akishasimamia jambo, hang'oki. Mama alikuwa fundi cherehani, na fundi aliyeko kwenye mshono hawezi kuinuka kila mtu anapobisha hodi. Mapokezi yakawa ya Msumari. Karatasi za vipimo vya wateja alizitia kwenye kasha la bati. Jora la kitambaa likiletwa, aliweka sahihi ya mama kwenye daftari la mletaji. Aliiiga vizuri mno, hata mama akawa anacheka, "Wewe, siku moja utaniuza!"

Asubuhi moja walikuta tangazo limebandikwa mlangoni. Mahakama ilikuwa imeamua karakana ivunjwe. Jirani yao, muuza mbao, alidai imejengwa ndani ya kiwanja chake, na kwa kuwa mama hakufika kujibu, kesi ilikwisha bila yeye.

"Sikuitwa, ningefikaje?" mama aliuliza. "Kiwanja hiki nimekinunua kwa sindano na uzi. Sitoki!"

Walikwenda wote wawili mahakamani, na huko mama alionyeshwa kiapo cha tarishi, yule anayepeleka hati za wito. Aliapa kwamba alimkabidhi mama hati mkononi, naye akatia sahihi. Msumari alipoiona sahihi ile, aliitambua mara moja. Ilikuwa kazi ya mkono wake.

Sasa alikumbuka. Alikuja mtu wa pikipiki mwenye haraka, akasema, "Weka sahihi hapa." Hakumuuliza jina wala umri. Waliporudi karakanani alilifungua kasha. Hati ilikuwa humo, katikati ya vipimo vya mikono na viuno.

Alieleza yote. Mama mdogo, aliyekuja kuwaliwaza, aliinyakua ile karatasi. "Hii tuichome. Semeni hakuja mtu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, mama mdogo," Msumari alisema, akaichukua tena. "Sichomi."

"Mtoto mkaidi huyu! Atawavunjia karakana!"

"Mwache," mama alisema. "Nitakwenda naye kwa hakimu."

Siku ya kusikilizwa ombi lao la kutaka uamuzi utenguliwe, tarishi alirudia maneno yake. "Mheshimiwa, nilimpa mama huyu mwenyewe."

Msumari akasimama. "Si kweli! Ulinipa mimi!"

Wakili wa muuza mbao alitabasamu. "Mheshimiwa, mtoto amefundishwa maneno kama kasuku."

"Kasuku hana sahihi," Msumari alijibu.

Watu wakaangua kicheko. Hakimu aliwanyamazisha, akamuuliza Msumari umri wake na kama anajua maana ya kusema kweli, kisha akampa kalamu. Msumari aliandika sahihi ile mara tatu, akaitoa na hati. "Nilikosa, mheshimiwa. Niliipokea kama jora la kitambaa, sikuisoma. Mama hakuiona kabisa."

Hakimu alilinganisha sahihi, akamgeukia tarishi. "Ulimwona vizuri aliyepokea?"

Tarishi aliinamisha kichwa. "Siku hiyo nilikuwa na hati kumi na tisa, mheshimiwa. Nilidhani atampa mama yake."

"Hukuapa kwamba ulidhani," hakimu alisema. "Hati hukabidhiwa mdaiwa mwenyewe, au mtu mzima wa nyumbani kwake. Mtoto wa miaka kumi na miwili si mtu mzima." Akautengua uamuzi wa kwanza, akaamuru karakana isiguswe na kesi ianze upya, mama akiwepo.

Nje, muuza mbao alinguruma, "Tutaonana kwenye kesi!"

"Tutaonana," mama alimjibu. "Safari hii umeniita."

Kisha akamshika binti yake bega. "Tungesema hakuja mtu, sahihi ile ingetuumbua, na hakimu asingeamini neno letu jingine. Ukweli wako umetuokoa, ingawa ulianza kwa kukukaanga wewe. Kosa ni langu pia, nilikuzoesha kuandika jina lisilo lako. Kuanzia leo, karatasi isome kwanza, na sahihi uweke yako. Na mtu akikuharakisha, mwambie asubiri."

"Akikataa kusubiri je?"

"Aende zake na karatasi yake."