Mtoto wa Saba, Basi Namba Nne

YAH: TOFAUTI NDOGO YA IDADI YA WANAFUNZI WALIOSHUKA, BASI NAMBA 4, KITUO CHA KIZUIANI.

Ndivyo lilivyoandikwa jalada lililotua mezani kwa Eufrazia, karani wa ofisi inayowashughulikia madereva wanaolipita basi la shule likiwa limesimama. Kamera ya basi hupiga picha, matroni huandika wameshuka watoto wangapi, Eufrazia hulinganisha. Idadi zisipolingana, kesi inakufa.

Matroni, Bi Munira, aliandika sita. Picha ilionyesha saba.

Wa saba alikuwa binti mwenye sare, kasimama katikati ya barabara, kaipa kamera kisogo, soksi zinachuruzika maji. Ilikuwa Januari, Mbagala nzima vumbi tupu.

Madereva tisa waliotuhumiwa kulipita basi hilo waliandika maelezo kila mmoja kivyake, na wote wakasema jambo moja: mtoto alinipungia mkono nipite.

"Uongo nao una fomu yake," alisema bosi wake, Afande Audax. "Sawazisha idadi, mama. Jumatatu majalada yanakwenda mahakamani."

Eufrazia akampigia Bi Munira. Akajibiwa kwa mnong'ono.

"Dada, mie namuonaga tangu mwaka jana. Hapandi, hashuki, unamkuta tu yuko chini. Hana kwao huyo. Andika kamera mbovu, yaishe. Ila usimpe jina, nakuomba."

Lakini ubovu wa kamera ulihitaji saini tatu, na mwanafunzi mpya hakuhitaji hata moja. Kompyuta ilidai jina. Eufrazia akaandika Hope, jina alilomwekea binti yake kwa miaka kumi na tisa. Binti hakuja, na mume hakukaa kumsubiri. Ikadai mlezi, ikakataa pengo. Akajiandika yeye, chumba na sebule, nyuma ya soko. Idadi zikalingana. Ofisi ikanuka matope.

Jumatatu jioni, akimenya ndizi za mtu mmoja, alisikia kibao chekundu cha SIMAMA cha basi la shule kikifunguka, krrr, kama kiko dirishani, ingawa uchochoro ule haupitishi hata bajaji, na harufu ya matope ikapita chini ya mlango, ikapanda pazia, ikakaa kwenye kiti cha pili ambacho hakijakaliwa na mtu tangu kinunuliwe, na majirani wakanyamaza, na redio zao, na kuku wao, hadi zikabaki soksi zilizolowa zikija, chwa, chwa, bila haraka, kama za mtu anayepajua.

Hodi ilipigwa na Bi Munira, daftari mkononi, uso kaugeuzia ukutani ili asimtazame aliyesimama kando yake.

"Yumo kwenye orodha yangu, dada," alinong'ona. "Na sheria ya basi, mtoto nisimwachie mtu asiye mlezi wake. Mkatae mbele yangu, nimrudishe barabarani."

"Akirudi, ataendelea kuwapungia?"

"Ataendelea. Iko siku gari litampitia mtoto wa watu."

"Na akiingia humu?"

"Jini akishapokelewa kwa jina, Eufrazia, hatoki."

Eufrazia alitazama kile kiti. Akafuta mikono kwenye kanga, akatia saini.

"Vua soksi, mwanangu," alisema. "Nimeshapiga deki."

Tangu Jumatatu ile, picha za Kizuiani zinaonyesha watoto sita.