Jina la Nzioka

Kila asubuhi Gachanja alitoka Ruiru na mwiko wake, akaenda kujenga ghala la mawe Thika. Alikuwa mwashi hodari. Lakini msimamizi aliwalipa waashi apendavyo, leo hivi, kesho vile.

Waashi wa hapo walikuwa na desturi moja. Kabla ya kupanga jiwe, waligonga mara tatu kwa mpini wa mwiko, wakasikiliza. Jiwe zima hulia vizuri. Lenye ufa hukohoa. Gachanja alifundishwa hivyo na rafiki yake Nzioka. Mwezi wa Machi, Nzioka alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, akafa.

Ulipofika Julai, ukungu ulishuka mzito. Ndani ya ukungu huo Gachanja alisikia: ko, ko, ko. Sauti ilitoka juu ya ukuta, na huko hakukuwa na mtu. Nywele zilimsimama. Kesho yake akasikia tena.

Hakumwambia mtu, maana alijua alichokifanya.

Jumapili, Ephantus, katibu wa chama cha mafundi, alibisha hodi nyumbani kwake akiwa na barua mkononi.

“Baraza la mishahara linamwita Nzioka Nairobi, atoe ushahidi Jumatano,” alisema. “Ni wa kwanza kwenye orodha uliyoniletea. Lakini nasikia alizikwa! Nani aliandika jina lake?”

Gachanja aliinamisha kichwa. “Ni mimi. Uliniambia nikusanye majina ya waashi. Siku hizi za hali ya hatari, watu wanakamatwa ovyo; nani atakubali jina lake liwe la kwanza kwenda serikalini? Nikaona, marehemu hawezi kufungwa.”

Mkewe Waceke aliweka sufuria chini. “Ngai, Mungu wangu! Baba Gathoni, umemrudisha marehemu kazini?”

“Ndiye anayegonga ukuta,” Gachanja alisema.

Ephantus hakucheka.

“Sikiliza, ndugu yangu. Kwenye hilo baraza kuna waajiri, kuna watu wa vyama vyetu, na kuna wasio na upande. Wanasikiliza ushahidi, halafu wanapendekeza mshahara wa chini wa kila fundi. Serikali ikiukubali na kuutangaza, unakuwa sheria. Bosi akilipa chini ya hapo, anashtakiwa. Lakini waajiri wakigundua jina la marehemu, watasema orodha nzima ni uongo. Hiyo sheria tutaisahau.”

“Na nikienda mimi, nikafutwa kazi?”

“Huenda. Sitakudanganya. Lakini chama chetu kimeandikishwa. Kuomba sheria ya mishahara si kosa. Nitakuwa kando yako.”

Waceke alimtazama mumewe. “Nenda, Baba Gathoni. Mwache mwenzako apumzike.”

Jumatatu Gachanja aliandika jina lake kwanza kwenye orodha mpya. Wenzake walisitasita, kisha wakatia alama ya dole gumba, mmoja baada ya mwingine.

Jumatano huko Nairobi, karani wa baraza alikuwa bado ameshika orodha ya zamani. Aliita, “Nzioka!”

Kisha, kwenye ukuta nyuma ya Gachanja: ko, ko, ko. Hakuna mwingine aliyegeuka.

Gachanja alisimama.

“Nzioka alikufa. Niliandika jina lake kwa woga, na naomba radhi. Orodha ya kweli ni hii. Mimi ni Gachanja, mwashi, niko hai. Niulizeni mimi.”

Walimuuliza sana: anaanza kazi saa ngapi, analipwaje, nani huamua. Alijibu yote. Msimamizi alimnunia miezi mitatu, lakini hakumfuta.

Halafu tangazo la serikali likatoka, mshahara wa waashi ukiwemo. Ephantus alilisoma kwa sauti pale pale kazini. Mwisho wa mwezi msimamizi alilipa kama sheria ilivyosema, na binti yao Gathoni, aliyekuwa amekosa karo, akarudi shule.

Asubuhi moja ukungu ulishuka tena. Gachanja aligonga jiwe mara tatu. Likalia vizuri. Akasubiri ajibiwe, lakini ukuta ulinyamaza. Alifurahi, na machozi yakamlengalenga.

“Lala sasa, Nzioka,” alisema, akapanga jiwe lake.