Ukoko wa Bosi

Saruji haili. Hilo Mastura alilijua kama alijuavyo jina lake. Lakini adhuhuri ile, alipopita kivukoni, sanamu ya mbwa ilikuwa na ukoko wa wali mdomoni, na ukoko ulikuwa umeng'atwa.

Sanamu hiyo kijiji kiliisimamisha kumuenzi Bosi, mbwa wa mumewe Hemedi. Mtumbwi wa Hemedi ulipinduka katika Ruvuma, maiti haikuonekana. Bosi akaketi ukingoni miaka miwili akiutazama mto, hata mauti yakamkuta papo hapo.

"Nani anailisha?" Mastura alimwuliza Custodio, fundi aliyeifinyanga.

"Mkweo, dada. Kila jua la utosi huja na sahani, akamwita Bosi." Custodio alishusha sauti. "Babu yangu kule Msumbiji alinikanya: kinyago hutazamwa, hakilishwi. Ukikilisha atakuja mlaji, wala hatakuwa yule uliyemwita."

"Nawe hukumwambia?"

"Nilimwambia. Akasema Bosi ana adabu kunishinda."

Nyumbani, mkwewe, Bi Fatuma, aliketi mkekani, macho yake yenye ukungu yakielekea mlangoni. Mapajani alipakata kandambili iliyolowa.

"Ya Hemedi," alisema. "Bosi kaileta."

"Mama, tumswalie Hemedi. Tumsomee hitima, nami nikae eda. Tumwache apumzike."

"Umzike mwanangu bila mwili? Mume mwingine anakungoja wapi?"

Kesho yake likaja shati, zito kwa tope. Siku ya tatu likaja jino, na Bi Fatuma akalibusu.

Mwalimu Hassani wa msikitini aliposikia habari ya jino, hakutaka kusikia zaidi. Alisema hitima itasomwa Ijumaa, mara baada ya swala. Ijumaa ikafika, wanaume wakaenda msikitini, na Mastura akaukomea mlango, akaketi karibu na mkwewe.

Kwanza zilisikika kucha zikikwaruza mchanga wa uani. Kisha, nyuma ya kucha, nyayo za mtu, nzito, zenye maji, zikija polepole kama za mtu aliyesahau kutembea, na mbele yake harufu ya tope la mikoko ikapenya chini ya mlango, ikapanda ukutani, ikakaa kooni mwa Mastura, hata akashindwa kujua kama anavuta pumzi au anazama.

"Hodi," ilisema sauti ya Hemedi.

Mastura alimziba Bi Fatuma mdomo kwa kiganja. Hodi ni tatu; mgeni asiyekaribishwa hugeuka akaenda zake.

"Hodi."

Bi Fatuma alimng'ata. Mastura hakuachia, damu ikamtiririka hadi kiwikoni.

"Hodi, mama."

Kisha nyayo zikageuka, hatua moja, hatua mbili, zikielekea mtoni, na Mastura akalegeza mkono.

"Karibu, baba," alisema Bi Fatuma kwa upole, kama mzazi anayeona haya mwanawe kusimamishwa juani. "Ingia. Nyumba ni yako."

Nyayo zikasimama.

Komeo, lililokuwa upande wa ndani, likaanza kujisogeza taratibu.