Dawa Isiyotajwa Jina

Sogeeni, wenye nyumba na wenye wagonjwa, niwape habari za nyumba moja ya Bariadi. Haikukosa chakula wala upendo. Ilichokosa ni mtu wa kusema neno moja kwa wakati wake.

Machibya alikuwa mtunza bustani wa misheni. Asubuhi zake zilikuwa za kumwagilia, na akirudi nyumbani alimkuta mkewe, Nyanjige, akianika mpunga uani, na mama yake mzazi, Benedikta, akichambua mboga huku akimtania mkwewe kwamba anaanika mpunga kama anayewatandikia kuku kitanda. Walikuwa wanapatana. Kilichowaumiza ni mtoto, maana ndoa ilikuwa na miaka mingi na uzazi haukuja, hata majirani walikwishachoka kuuliza.

Mwaka ule Nyanjige akashika mimba. Alimwambia mumewe peke yake. Kwa watu wa kwao mimba changa haitangazwi, hata mama mkwe haambiwi, mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, kwa sababu si kila jicho linalokutazama linakutakia mema. Machibya alifurahi akawa anapiga mluzi bustanini kama kijana.

Katika bustani ile kulikuwa na mimea miwili aliyoileta sista mmoja kutoka Ulaya kabla hajarudi kwao. Wa kwanza aliuita fivafyu. Maua yake ni madogo, meupe, yenye kitovu cha njano, na majani yake yana uchungu unaowasaidia baadhi ya watu wenye kipandauso. Wa pili aliuita tansi, nao maua yake ni ya njano tupu, ya mviringo kama vifungo vya shati. Sista alimwonyesha yote miwili kwa kidole.

"Hii ya njano ni ya kufukuza nzi, Machibya. Usimpe mtu anywe. Na mama mjamzito usimpe yoyote, hata hii nyeupe."

Machibya alisikia, akaelewa. Nawaomba mkumbuke hilo, kwa sababu hadithi hii si ya mtu asiyejua.

Kwa muda mrefu aligawa majani ya fivafyu bure. Wengine yaliwasaidia, wengine hayakuwasaidia, kama ilivyo kwa dawa nyingi. Kisha zikaja siku za soko huria. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na ushirika pekee ikaanza kugombaniwa na matajiri wenye malori yao. Maduka ya dawa ya watu binafsi yakafunguliwa, na kila aliyekuwa na kitu akakitafutia mnunuzi. Machibya naye akaona kumbe siku zote alikuwa anagawa mali. Akakausha, akatwanga, akafunga kwenye vipakiti vya karatasi na kuuza gulioni, halafu Maswa, halafu Malampaka kwa abiria wa treni. Mpaka hapo simlaumu. Mtu kuuza jasho lake si dhambi.

Ubaya ulikuja na kiangazi. Fivafyu ilinyauka, tansi ikabaki imesimama. Wateja walikuwa wanasubiri, tena wengine walilalamika kwamba dawa yake si chungu vya kutosha, ni chai tu. Basi Machibya alikata vifungo vile vya njano, akavikausha na kuvitwanga pamoja na majani machache ya fivafyu yaliyosalia, mpaka hakuna ambaye angeweza kutofautisha.

Aliyemuuliza kilichomo alimjibu kwa desturi. Mnaijua. Wazee wetu husema bugota, yaani dawa, haitajwi jina mbele ya mgonjwa, maana ikitajwa inapoa. Wala anayepewa hasemi wabeja, maana ukiishukuru inakimbia. Desturi hiyo ilikuwa na kazi yake: ilimlinda mganga asiibiwe ujuzi. Machibya aliigeuza pazia, na nyuma ya pazia akaficha sumu.

Siku moja akiwa safarini Malampaka, Nyanjige aliamka kichwa kinamgonga. Benedikta alimhurumia, akachukua pakiti kwenye sanduku la mwanawe, akaichemsha mpaka maji yakawa meusi.

"Mayu, ni chungu mno," Nyanjige alimwambia mama mkwe wake.

"Chungu ndiyo dawa. Kunywa, usiulize."

Akanywa. Angewezaje kukataa bila kusema ana mimba? Alipoanza kutapika, mama mkwe alifurahi, akasema ugonjwa unatoka, akamwongeza kikombe cha pili. Kabla ya adhuhuri Nyanjige alikuwa chini, mwili unakakamaa na kutikisika, macho yamegeuka. Majirani walimpakia kwenye gari la mnunuzi wa pamba wakamkimbiza hospitali.

Machibya alirudi mchana huo akiwa na mfuko mtupu, dawa yote imenunuliwa, na moyo mweupe. Alipoambiwa, alikimbia bila kufunga mlango.

Daktari, jina lake Kasmiri, alikuwa ameshatundika dripu ya kwinini. Mtu mwenye kichwa kinachouma, anayetapika na kupata degedege, kwetu hapa kwanza hufikiriwa malaria ya kichwani.

"Alikunywa nini?" daktari alimuuliza Benedikta.

"Dawa ya mwanangu. Jina lake halitajwi."

Daktari akamgeukia Machibya. "Wewe ndiye mwenye dawa. Ni nini?"

Pale mlangoni walikuwepo watu waliomfahamu, na wawili kati yao walikuwa wateja wake. Machibya aliwatazama.

"Majani ya kichwa tu," alisema. "Fivafyu. Ila mke wangu ni mjamzito."

Benedikta alishika kichwa kwa mikono miwili. Daktari alirudi ndani, na matibabu ya malaria yakaendelea. Machibya alikaa kwenye benchi. Alikuwa na neno moja mdomoni, nalo lilikuwa zito kuliko gunia la pamba. Alijiambia atalisema watu wakipungua. Muuguzi Justina alipotoka na shuka zenye damu, ndipo alipoinuka.

"Nilichanganya na tansi," alisema, na sasa hakujali nani anasikia. "Maua ya njano. Nilikatazwa."

Daktari alimtazama kwa hasira iliyotulia. "Mimea hiyo ni jamaa moja na pareto ya kuulia wadudu. Hiyo ya njano ina mafuta yenye sumu iitwayo thujoni. Inaleta degedege, inadhuru ini, na inaweza kuharibu mimba. Ulipoingia ulinijibu nini?"

Dripu ya kwinini iliondolewa, wakashughulika na sumu. Nyanjige aliongezewa damu, akapona. Mimba ilitoka.

"Ningesema mapema, mtoto angepona?" Machibya aliuliza.

"Pengine. Pengine hapana. Hilo hutalijua."

Machibya alizichoma pakiti zote na kuzunguka magulioni kuwaonya wateja. Wengine walimtukana, na ilikuwa haki yao. Lakini Nyanjige alipotoka hospitali hakuingia ndani ya nyumba. Alifunga nguo zake palepale uani, na Benedikta akamsaidia kufunga huku akilia. Alikuwa anarudi kwa baba yake, kijijini Shishiyu.

"Mama alinipa asichokijua," Nyanjige alimwambia mumewe. "Huyo nimemsamehe. Wewe ulijua ulipoifunga, ukajua tena pale mlangoni, mimi nikiwa ndani."

Nyanjige aliinua mzigo wake akaondoka.

MAFUNZO

Ndugu zangu, mmea wa kutibu na mmea wa kudhuru waweza kuwa wa ukoo mmoja, na uchungu wake hautakwambia upi ni upi. Usinywe dawa ambayo mwenye kuitoa hathubutu kuitaja. Mwenye mimba amwambie anayempa dawa, aache macho ya watu yatazame yanavyotaka. Mficha uchi hazai. Na wewe unayejua kilichomo ndani ya pakiti, daktari akikuuliza, jibu hapohapo, hata kama mji mzima umesimama mlangoni.