Kabati Mbele ya Ufa

Ndugu zangu wa mtaani, leo mnivumilie, maana sitauma maneno.

Asubuhi moja nyumbani kwa dobi wetu kulikuwa shwari. Mashuka ya nyumba za wageni yalining'inia uani, meupe pee. Mke wake alikuwa anapiga pasi, na mama yake dobi alikaa kitandani katika chumba cha nyuma, akishona vifungo vya mashati ya wateja. Pampu ilinguruma kama kawaida yake, maana haikujua Jumapili wala usiku. Ilivuta maji kutoka chini kabisa ya ardhi kwa ajili ya kufulia, na yaliyobaki dobi alituuzia majirani kwa bei ya chee. Ndiyo maana tulimwita Bwana Mvua.

Mama akaita, "Mwanangu, kikombe changu kimetembea chenyewe mezani."

"Kimechoka kukaa, mama," dobi akajibu, akacheka peke yake.

Mkewe akaweka pasi chini. "Baba Pacha, mimi sicheki. Mlango wa mama tumeuranda mpaka umebaki nusu, na bado unakwama. Sakafu inashuka. Zima hiyo mashine."

"Nikizima, mapacha watakula mashuka?"

Dobi alijua, na sisi sote tulijua. Afisa wa ardhi alishakuja na viatu vyake vinavyong'aa, akatueleza kwamba maji yanavutwa kuliko mvua inavyoyarudisha, na ardhi inabonyea kama godoro lililotolewa pamba. Alisema vizuri kweli. Kisha akanywa soda ya dobi, akafungiwa mashuka mapya, akaondoka akisema atarudi na amri. Mpaka leo tunamsubiri.

Sisi je? Tulipiga plasta. Tulipaka rangi. Aliyekosa rangi alisukuma kabati mbele ya ufa, akawakaribisha wageni huku anatabasamu. Ukiingia nyumba ya mtu mtaani kwetu ukakuta kabati limesimama mahali pa ajabu, usiulize. Jirani mmoja aliuza nyumba hivyohivyo, na kabati akamwachia mnunuzi kama zawadi. Tulimsifu kwa ujanja wake. Kinyaa kitupu.

Basi dobi naye akawaita vijana wake wa kufua, wakaburuta kabati la vyombo, zito, limejaa sahani, wakalisimamisha chumbani kwa mama, ubavuni mwa mlango, kwenye ukuta wa nje, ufa ulipokuwa umefunguka.

"Mimi siuonei haya huo ufa," mama akasema. "Unamficha nani?"

"Wateja, mama. Wanaingia humu kufuata mashati."

Mchana sakafu ikatitia chini ya uzito ule. Tulisikia sahani kwanza, halafu sauti ya mama. Kabati lilikuwa limeanguka likaziba mlango, na mguu wa mama uko chini yake. Dobi alisukuma mlango kwa bega, akausukuma tena huku analia, lakini haukusogea hata kidogo. Mkewe ndiye aliyechukua sululu, akazunguka nje, akaanza kuchimba palepale kwenye ufa. Tukamsaidia. Mama alitolewa kwa tundu lile, mweupe kwa vumbi, paja limevunjika, tukamlaza juu ya shuka la wageni.

Alikuwa bado anahema pale chini jirani mmoja aliposogea na ndoo yake. "Poleni jamani," akasema. "Hivi maji leo yatatoka?"

Hakuna aliyemwambia anyamaze. Kila mtu alitaka kusikia jibu.

Mama akainua kichwa kidogo, akasikiliza. "Mashine bado inalia," akasema.

Kweli, ilikuwa inanguruma. Katika purukushani yote ile hakuna aliyeikumbuka. Dobi akaenda, akaweka mkono kwenye swichi, akatazama karai la mashuka lililojaa povu.

"Niyasuuze haya tu, mama. Yana sabuni."

Mkewe akampita, akang'oa waya ukutani.

Wiki ile akawachukua mapacha na mama mkwe wake, akaenda kupanga mbali. Mama hatembei tena. Dobi alirudisha waya mahali pake, na nyumba ikamshukia ukuta kwa ukuta, mpaka akabaki anafua uani chini ya turubai. Na yule jirani wa ndoo? Amechimba kisima chake mwenyewe.

FUNZO

Ardhi inayotubeba si ya mtu mmoja. Maji yakivutwa chini bila kipimo, ardhi hutitia, na haichagui nyumba ya anayevuta peke yake. Mlango ukianza kukwama, usikimbilie seremala. Kaeni mtaa mzima, mkubaliane nani avute na kiasi gani, na afisa mfuateni ofisini kwake mpaka amri itoke. Kabati lirudi mahali pake, ufa uonekane. Na wewe unayenyamaza kwa sababu ya ndoo ya bei rahisi, jua kwamba mama aliyelala nyuma ya ule ukuta ni mama yako pia.