Simu ya Video kwa Kompyuta Kuukuu

Mama Vifungo alishona mkono wa gauni, ukakaa upande. Akaufumua. Akaushona tena, ukakaa upande vilevile. Asubuhi ile akaliweka gauni kando, akatazama saa.

Mdogo wake wa tumbo moja alilazwa hospitali ya ng'ambo. Saa sita angeingia chumba cha upasuaji. Kabla ya hapo, saa nne, wangeongea kwa simu ya video.

"Dada, nataka kuuona uso wako kabla hawajanichukua," alikuwa amesema. "Sauti peke yake hainitoshi."

Simu ya Mama Vifungo ilikuwa ya vitufe. Simu kubwa ya mumewe ilikanyagwa na gari gereji. Ilibaki kompyuta kuukuu, waliyopewa na ofisi iliyohama.

"Ee Mungu, isituangushe leo," alinong'ona.

Mumewe, fundi wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta. Alifungua muziki. Akafungua filamu. Akafungua picha za harusi na kurasa za mpira.

"Baba, unafanya nini hapo?"

"Naipasha moto, mke wangu. Injini ya zamani huipandishi mlima ikiwa baridi."

Kompyuta ilinguruma, kisha ikaganda. Ilipozinduka, Spana alijaribu kuweka programu mpya ya simu za video. Maandishi yakatokea.

"Inasemaje?" aliuliza Mama Vifungo.

"Inasema mfumo wetu umezeeka mno. Lakini usijali, nimepata tovuti nyingine hapa. Wanasema watatuwekea programu kwa nguvu, tena bure. Nibonyeze?"

"Usiguse kitu!"

Mama Vifungo alitoka mbio, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Alikwenda nyumba ya pili, kwa jirani aliyefundisha kompyuta katika madarasa ya jioni. Jirani alikuja na povu la sabuni mikononi.

"Shemeji, hiyo tovuti unaijua?" aliuliza.

"Naijulia wapi? Ndiyo kwanza naiona."

"Basi ifunge. Programu ya kuokotaokota inaweza kuja na virusi, ikaiba nywila zenu. Na hivi vingine vyote vya nini?"

"Napasha moto."

Jirani alicheka hadi akashika meza. "Kompyuta si gari, shemeji! Kila unachofungua ni mzigo unaoongeza mgongoni. Funga vyote, tuizime, tuiwashe upya."

Kuwaka kulichukua muda. Mama Vifungo alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Jirani, saa nne inafika!"

"Kaa, mama. Linki aliyotuma mdogo wako iko wapi?"

"Kwenye barua pepe."

"Tunaibonyeza. Ikitaka tuweke programu, tunakataa. Tunachagua kujiunga kwa kivinjari, yaani hiki hiki mnachosomea habari za mpira. Nakiwekea toleo jipya kwanza. Haya, sasa."

Uso ukatokea: mwembamba, na kofia ya hospitali kichwani. Kisha ukaganda, mdomo wazi.

"Da… da… siku…"

"Amepatwa na nini?" Mama Vifungo alisimama.

"Yeye hajambo. Ni kompyuta imelemewa. Kupokea picha yake na kutuma yako kwa pamoja kumeishinda. Mmoja azime kamera."

Mama Vifungo aliutazama ule uso ulioganda. Alitamani kuugusa.

"Mwambie azime yake," alisema.

"Hutamwona."

"Yeye ndiye aliyeomba kuona."

Jirani aliandika ujumbe. Skrini ikawa nyeusi, na papo hapo sauti ikaja safi.

"Dada! Nakuona! Utepe shingoni, kama kawaida yako. Na shemeji amenenepa!"

"Ni kamera hiyo!" Spana alipiga kelele kutoka nyuma.

Walicheka. Kisha sauti ikashuka.

"Dada, naogopa. Niombee."

Mama Vifungo alizoea kuomba akiwa amefumba macho. Leo aliyaacha wazi, mbele ya skrini nyeusi, ili mdogo wake ayaone.

Jioni simu ya vitufe ililia. Upasuaji umekwisha, mgonjwa ameamka salama.

Jumamosi jirani alirudi. Aliiongezea kompyuta kumbukumbu ili ibebe kazi nyingi kwa wakati mmoja. Akaweka mfumo mwepesi ambao bado unapata kinga mpya.

"Ule wa zamani haukuwa na kinga tena," alieleza. "Hamkupaswa hata kuingia kwenye akaunti ya benki kwa mfumo ule."

Safari hii walifungua kivinjari peke yake, na kamera zote mbili ziliwaka. Mdogo wake alikuwa ameketi kitandani na bakuli la supu, akilalamika kuwa haina chumvi hata chembe. Mama Vifungo alisogeza kiti karibu na skrini, akamtazama akila.