Pini Laini ya Boti ya Kitangiri

Kwaru, kwaru, kwaru.

Damari alifungua macho. Nyumba ilikuwa bado giza, na jogoo wa kwanza alikuwa hajawika. Sauti ilitoka pembeni, ilipowekwa kamba ya usukani wa boti.

"Baba Stumai, amka. Panya anakula boti yako."

"Panya hali boti," Marko alijibu kwa usingizi.

"Basi anakula kamba. Umeipaka mafuta ya kondoo, wewe ulitegemea nini? Umemwandalia mchuzi."

Marko aliwasha kibatari. Kamba ilikuwa imetafunwa hadi nusu. Alikaa kitako, akashika kichwa. Kwao kamba ya ngozi hupakwa mafuta ya kondoo ili isikauke. Naye aliitunza kamba ya boti kama baba yake alivyotunza kamba za ng'ombe.

Kulipokucha, Damari alikwenda ziwani kuosha vyungu. Ng'ambo ya Ziwa Kitangiri aliona moshi mwembamba. Kila siku alijiambia kwamba ni moshi wa jiko la mama yake, Rahabu. Kila siku aliutazama mpaka ukaisha.

Kabla ya mvua, mchunga ng'ombe mmoja alizunguka ziwa kwa miguu akaleta salamu. "Mama yako anasema macho yake yanaingia giza. Anasema, mleteni Stumai nimwone, ningali naona."

Stumai alikuwa na miaka minne. Bibi yake alimwona mara moja tu, akiwa mchanga. Sasa mbuga ya Wembere ilikuwa imejaa maji, na njia ya miguu ilikuwa imefungwa. Mitumbwi haikuthubutu kuvuka kwa sababu ya viboko. Ilibaki boti ya wavuvi wa kijiji, boti kuukuu ya injini, ambayo Marko ndiye nahodha wake. Nayo ilikuwa imelala ufukweni miezi mitano. Kuku walikuwa wakitagia ndani yake.

Jioni ile, Damari alitoka darasa la watu wazima na karatasi mkononi.

"Namwandikia fundi Anselm, kule Kiomboi," alisema. Akasoma polepole: "Injini inanguruma, lakini pangaboi haligeuki. Tuligonga kisiki. Pini haikukatika, kwa sababu mume wangu aliweka pini ya chuma cha jembe."

"Hilo la jembe lifute, mke wangu. Watu watanicheka."

"Mficha uchi hazai," Damari alisema. Akakunja barua.

Baada ya wiki mbili Anselm alifika na gunia begani. Zamani alikuwa askari, akitengeneza boti za jeshi huko Burma.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mwandishi wa barua yuko wapi? Amenirahisishia kazi. Nimekuja na kifaa chenyewe, nimekitoa kwenye injini iliyokufa."

Alifungua sehemu ya chini ya injini, akamwaga oili katika bakuli. Vipande vya chuma vililia ndani yake.

"Marko, hesabu meno."

"Meno ya nani, fundi?"

"Ya gia zako. Gia ndizo zinazopeleka nguvu ya injini kwenye pangaboi, lile linalosukuma maji. Sasa zimebaki vibogoyo!"

Damari alicheka. Marko hakucheka.

Anselm alitoa pini ya shaba, fupi kama kidole cha mtoto. "Hii ndiyo inayoshika pangaboi. Ni laini makusudi. Pangaboi likigonga kisiki, lazima kitu kikatike. Pini ikikatika, gia zinapona. Wewe umeweka pini ngumu, basi yamekatika meno."

"Nilichoka, fundi. Ilikatika mara tatu kwa mwezi mmoja."

"Ilikuwa inakuambia upunguze mwendo penye visiki. Wewe ukaiziba mdomo."

Walifanya kazi siku mbili. Waliweka gia mpya na oili mpya. Kisha walifunga kamba mpya ya usukani, wakaipitisha kwenye makapi, vile vigurudumu vya kamba, pande zote mbili. Anselm alipaka makapi grisi kidogo, lakini kamba aliiacha kavu.

"Mafuta ya kondoo yaende kwenye mboga," alisema. "Kwenye kamba yanashika mchanga na kuita panya. Na kila safari, kabla ya kuondoka, zungusha usukani kulia, halafu kushoto. Kamba isilegee upande wowote."

Alimpa Damari pini sita za akiba. Damari alizifunga kwenye pindo la kanga.

Siku ya tatu waliondoka asubuhi. Marko alizungusha usukani kulia, kisha kushoto. Injini ilinguruma, na boti ikaenda. Damari alimpakata Stumai, akautazama moshi. Safari hii moshi ulikuwa unakuja.

Karibu na ng'ambo walisikia kishindo. Ta! Injini ilipiga kelele, boti ikasimama.

Damari alimshika Stumai kwa nguvu. Aliwaona watu ufukweni, wadogo kama vidole. Mmoja wao alikuwa ameketi.

Marko alizima injini. Aliinua injini, akatazama.

"Ni pini," alisema. "Pini tu! Mama Stumai, nipe nyingine."

Damari alifungua pindo kwa meno. Marko alichomoa vipande vya pini, akatia mpya. Stumai alikuwa hajamaliza hata kiazi alichokuwa akila, kazi ikaisha. Wakaendelea, polepole.

Walipofika ufukweni, Rahabu hakusimama. Alinyoosha mikono mbele, akamvuta mtoto karibu, uso kwa uso. Akamgeuza kwenye mwanga. Alimtazama kwa muda mrefu, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia.

"Una alama ndogo hapa, juu ya nyusi," Rahabu alisema. "Kama babu yako."

Stumai alijigusa juu ya nyusi. Akawageukia watu wote pale ufukweni, akasema kwa sauti:

"Bibi ameniona."